Kiwiko cha Bati Bila Jasho: Vidokezo 14 vya Kuchora Kona ya Vipande kwenye Kompyuta

Mteja anataka kona ya nyuzi 90 kwenye bomba la hewa litakalopita juu ya dari. Fundi bati anataka michoro ya kukatia leo hii, kabla umeme haujafanya yake. Na wewe uko katikati yao, mbele ya skrini, unajiuliza uanzie wapi. Vuta kiti, kaa vizuri. Kiwiko cha vipande kinatisha kwa macho tu. Ukishajua pa kukishikia, ni kati ya kazi za bati zinazokwenda haraka kuliko zote.

Siri yenyewe ni hii: kiwiko hakichorwi. Unachora nusu ya kipande kimoja, unaichora vizuri, na yote yaliyobaki yanazaliwa humo. Vidokezo vyote hapa chini vinatoka kwenye wazo hilo moja.

Ili tuelewane, tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kona ya nyuzi 90, kipenyo cha nje milimita 300, vipande 5, bati la unene wa milimita 1, na mstari wa kati wa kona wenye nusu kipenyo cha milimita 450. Upande wa ndani wa kona tutauita tumbo, wa nje mgongo, na wa pembeni ubavu. Haya, washa kompyuta!

1. Namba tano kwanza, mistari baadaye

Kabla hujachora chochote, fungua jedwali la vigezo la programu yako na uandike namba tano: D ni kipenyo, R ni nusu kipenyo cha kona, A ni pembe ya kona, n ni idadi ya vipande, t ni unene wa bati. Kuanzia hapo, usiandike tena kipimo kwa mkono ndani ya mchoro. Kila kipimo kiitwe kwa jina lake. Hata R iandike kama fomula: mara moja na nusu ya D, kiasi kinachotumika sana kwenye mabomba ya hewa ya kawaida. Bomba la kufyonza vumbi la mbao linapenda kona pana zaidi, basi badilisha hicho kizidishio tu. Faida utaiona mteja atakapopiga simu saa kumi na moja jioni: “Samahani, bomba ni 350, siyo 300.” Wewe unabadilisha namba moja, unatabasamu, unakwenda nyumbani kwa wakati.

2. Hesabu viungo, usihesabu vipande

Huu ndio mtego unaonasa wengi: nyuzi 90, vipande 5, basi 90 gawanya kwa 5, jibu 18. La hasha! Kona inapinda kwenye viungo, na vipande 5 vina viungo 4. Kila kiungo kinapinda nyuzi 22.5, na pembe hiyo inagawanywa sawa kwa vipande viwili vinavyokutana. Kwa hiyo kila mkato unalala kwa nyuzi 11.25. Fomula yake iweke kwenye jedwali lako mara moja: A gawanya kwa mbili mara (n toa 1). Ukitaka kuithibitisha kwa vidole, hesabu nusu: vipande viwili vya mwisho ni nusu moja moja, vitatu vya kati ni nusu mbili mbili, jumla nusu 8. Tisini kwa nane ni 11.25. Imeingia? Tusonge.

3. Chora mifupa kabla ya nyama

Fungua skechi moja tu, ukitazama kiwiko kutoka ubavuni. Weka nukta ya kitovu cha kona. Kutoka hapo piga tao la 450 kwa ajili ya mstari wa kati, la 300 kwa tumbo na la 600 kwa mgongo. Kisha piga mistari ya viungo kutoka kitovuni kwenye nyuzi 11.25, 33.75, 56.25 na 78.75. Hapo ndipo vipande vitakapokutana.

Sasa zingatia jambo moja dogo lenye faida kubwa. Mistari nyoofu ya vipande inatakiwa iguse tao kwa nje, siyo kuunganisha nukta zilizo juu ya tao. Mstari wa kila kipande cha kati uguse tao katikati yake, na ule wa kipande cha mwisho uliguse pale kiwiko kinapoanzia. Ukifanya hivyo, midomo ya kiwiko itatazama moja kwa moja kwenye mabomba. Ukiunganisha nukta za juu ya tao, midomo itakaa upande na fundi atakuuliza maswali magumu.

Skechi ikikamilika, soma vipimo: kipande cha mwisho kina milimita 59.7 tumboni na 119.3 mgongoni, cha kati kina 119.3 tumboni na 238.7 mgongoni. Na hii hapa zawadi ya bure: R ikiwa mara moja na nusu ya kipenyo, mgongo daima ni mara mbili ya tumbo. Usipouona uwiano huo kwenye skrini, kuna namba imekosewa.

4. Nusu kipande ndiye mzazi wa wote

Angalia tena mifupa yako. Kipande cha mwisho ni bomba fupi lenye mdomo mmoja ulionyooka na mwingine uliokatwa mshazari. Kiakisi kwenye mdomo ulionyooka, na hapo hapo umepata kipande cha kati. Kwa hiyo kiwiko kizima cha vipande 5 kina mafaili mawili tu ya vipande: cha mwisho, unachokitumia mara mbili, na cha kati, unachokitumia mara tatu. Kwenye faili la mkusanyiko, weka kipande cha kati kimoja na uamuru programu ikirudie kwa kuzunguka kitovu cha kona, kila baada ya nyuzi 22.5. Mkusanyiko umekamilika. Kwa nini uchore vitu vitano wakati viwili vinatosha?

5. Acha mwanya, la sivyo bati halikunjuki

Umechora duara kamili, ukalivuta likawa bomba, ukabonyeza amri ya kukunjua… na programu ikagoma. Haina makosa. Bomba lililofungwa pande zote halina pa kufungukia, na kompyuta haiwezi kukuamulia pa kupasua. Dawa ni rahisi: badala ya duara, chora tao ambalo karibu lifunge, ukiacha mwanya wa nusu milimita hivi pale unapotaka mshono uwe. Livute kwa amri ya bati, siyo ile ya kawaida ya vitu vizima, kisha ndipo ukate mshazari. Njia hii inafanya kazi kwenye SolidWorks na Inventor, na hata kwenye FreeCAD ya bure ukiiongezea kifurushi cha SheetMetal. Mwanya nao uupe jina kwenye jedwali la vigezo, maana mchomeleaji mmoja anaupenda mdogo na mwingine anautaka mpana kidogo.

6. Bomba moja nyoofu, mikato minne, kiwiko kizima

Hiki ndicho kidokezo cha kukifungia safari. Chukua karoti, ikate mshazari katikati, kisha zungusha nusu moja kwa nyuzi 180 na uzigusishe tena. Karoti imepinda! Bati nalo linafuata sheria hiyo hiyo.

Basi, badala ya kuchora vipande mbalimbali, chora bomba moja nyoofu la bati lenye urefu wa milimita 716.1, yaani nusu nane za milimita 89.5 kila moja kwenye mstari wa kati. Ukilitazama kutoka ubavuni, piga mistari minne ya kukata. Wa kwanza uwe umbali wa 89.5 kutoka mwanzo, na inayofuata iachane kwa 179. Kila mstari ulale nyuzi 11.25, lakini kwa zamu: huu uelekee kushoto, unaofuata kulia, tena kushoto, tena kulia. Kunjua bomba hilo na utapata mstatili mmoja wa takriban 939 kwa 716, wenye mawimbi manne yanayokwenda kinyume kwa zamu.

Umeona uzuri wake? Vipande vyote vitano vimelala ubavu kwa ubavu, wimbi la huyu likiingia kwenye bonde la mwenzake, bila kipande cha bati kutupwa kati yao. Mashine inakata mstari mmoja na kupata kingo mbili. Fundi anaviringisha, anageuza kila kipande cha pili kwa nyuzi 180, anachomelea. Njia hii inafaa zaidi viungo vinapokutanishwa kingo kwa kingo na kuchomelewa; viungo vya kukunjana vinahitaji ziada ya bati, na hapo mistari haiwezi kuwa ya ubia.

7. Mshono nao una makazi yake

Pale unapoanzia tao lako ndipo mshono wa urefu utakapokaa, kwa hiyo chagua kwa makusudi. Mshono wa tumboni ni mfupi kuliko wote: kwenye kipande cha kati ni milimita 119.3 badala ya 238.7 za mgongoni. Gesi kidogo, muda kidogo. Lakini mishono yote ikijipanga kwenye mstari mmoja, kila kiungo kinapata makutano ya mishono miwili mahali pale pale, na bati jembamba linapopata joto jingi sehemu moja huanza kujikunja. Ukitumia ile njia ya bomba moja nyoofu, tatizo linajitatua lenyewe: mshono ukianzia ubavuni, vipande vikigeuzwa unaruka kushoto na kulia kwa zamu, na mishono ya vipande vya kati yote ina urefu sawa. Na kama bomba linabeba mvuke au mafuta ya jikoni, hakikisha kiwiko kikishafungwa hakuna mshono unaotazama chini, kwani unyevu hupenda kutafuta njia huko.

8. Uliza: mia tatu ya ndani au ya nje?

Swali hili la sekunde mbili linaokoa shiti zima. Bati likiviringishwa, uso wa nje unavutika na wa ndani unabanwa. Katikati ya unene kuna mstari usiobadilika urefu, na huo ndio wa kupimia. Kwa bati linaloviringishwa kwa upana kama hili, weka kizio cha K kwenye programu yako kiwe 0.5, maana yake mstari huo uko katikati kabisa. Kwa kipenyo cha nje 300 na bati la milimita 1, kipenyo cha kupimia ni 299, na bati lililokunjuliwa lina urefu wa 939.3. Ukipima kwa nje utapata 942.5, ukipima kwa ndani, 936.2. Tofauti ya milimita tatu inaonekana ndogo mpaka kiwiko kikatae kuingia kwenye bomba lake. Kumbuka kanuni ya mfukoni: kila milimita moja ya kosa kwenye kipenyo huzaa milimita 3.14 za kosa kwenye bati.

9. Mkato usimame wima juu ya bati

Kwenye skrini, mkato wa mshazari hupita kwenye bati kwa pembe na kuacha ukingo uliochongoka. Mashine ya leza au plazma inakata bati likiwa limelala, na ukingo wake husimama wima. Ukiacha vitu hivi viwili vigombane, vipande vilivyokaa vizuri kwenye mkusanyiko vitakuwa na mianya karakanani. Programu nyingi za bati zina kitufe cha kuamuru mkato usimame wima dhidi ya uso wa bati. Kitafute kwenye dirisha la amri ya kukata na ukiwashe. Je, ni lazima kila mara? Pima mwenyewe: tofauti ni karibu unene wa bati mara tan ya pembe ya mkato. Kwa bati la milimita 1 ni 0.2 tu, achana nayo. Kwa bati la milimita 3 ni 0.6, na hapo mchomeleaji atakushukuru.

10. Pembe moja, viwiko vinne

Ile 11.25 ni hazina. Kiwiko cha nyuzi 90 kwa vipande 5 kinaitumia. Cha nyuzi 45 kwa vipande 3 kinaitumia pia. Cha 67.5 kwa vipande 4, nacho kimo. Hata cha 22.5 kwa vipande 2 tu. Maana yake, ukiwa na faili la kipande cha mwisho na la kipande cha kati kwa kipenyo fulani, tayari una viwiko vinne. Kinachobadilika ni idadi ya vipande vya kati. Kuna na ukoo wa pili, wa nyuzi 15: vipande 4 kwa kona ya 90, vipande 3 kwa kona ya 60, vipande 2 kwa kona ya 30. Chagua ukoo mmoja kwa mradi mzima, na fundi anaweza kukata vipande vya kati kwa wingi asubuhi na kuviunganisha kadiri kona zinavyohitajika. Kazi imepungua kabla haijaanza!

11. Mwachie fundi alama za kumwongoza

Kipande kikishaviringishwa, kwa haraka haraka ni vigumu kujua tumbo lilipo hasa. Na kiungo kikizungushwa hata kidogo, kiwiko kizima kinajipinda na midomo yake haitazamani tena inavyotakiwa. Ongeza kwenye mchoro uliokunjuliwa mistari minne ya alama: tumbo, mgongo na mbavu mbili, kila baada ya robo ya urefu wa bati. Kwa mfano wetu ni kila baada ya milimita 234.8. Iweke kwenye tabaka lake, kwa rangi yake, ili mashine ijue inachora tu na haikati. Andika pia herufi ya kipande. Fundi anaoanisha alama na alama, anashikiza kwa nukta nne za kuchomelea, anaendelea. Kama karakana haina leza, alama fupi kwenye kingo zinatosha. Mchoro ukichapishwa kwa ukubwa wake halisi, fundi wa Gerezani au Kamukunji mwenye mkasi wake wa bati ataufanyia kazi vivyo hivyo.

12. Shingo fupi inaweza kuokoa shiti

Vipande vya mwisho kwa kawaida huongezewa shingo nyoofu, ili kiwiko kipate pa kuingia kwenye bomba na pa kupigia ribiti. Ifanye shingo kuwa kigezo cha sita, siyo namba ya kubahatisha. Tazama kwa nini. Shiti la futi 8 kwa 4 lina milimita 2440 kwa 1220. Kiwiko chetu chenye shingo za 50 kila upande kinahitaji urefu wa 816. Viwiko vitatu ni 2448: umekosa kwa milimita 8 tu! Punguza shingo iwe 45, kila kiwiko kinakuwa 806, vitatu vinatimia kwenye 2418, na bado una milimita 22 za kupumulia. Tofauti ya vidole viwili vya bati imekupa kiwiko kizima cha nyongeza kwa kila shiti. Ndiyo maana kigezo kina faida: unaijaribu 50, unaijaribu 45, na jibu linakuja kabla chai haijapoa.

13. Karatasi, mkasi na gundi ya utepe

Kabla ya kutuma faili kwenye leza, chapisha vipande kwenye karatasi kwa kipimo cha moja kwa tano, vikate, vizungushe, vibandike. Kiwiko cha sentimita 6 kitasimama mezani pako na kukuambia ukweli wote: kama kinafikisha nyuzi 90, kama mishono imekaa ulipotaka, kama kuna kipande kimegeuzwa vibaya. Huna printa karibu? Pima kwenye skrini. Gawa urefu wa bati la kipande cha mwisho sehemu 12, kila moja milimita 78.3, na usome kimo cha wimbi kutoka tumboni hadi mgongoni: 59.7, 63.7, 74.6, 89.5, 104.4, 115.4, 119.3, bila kuhesabu shingo. Zikitofautiana kwa sehemu ya kumi ya milimita, usijali; hizi zimepimwa kwenye uso wa nje, nayo programu inapima katikati ya unene. Zikitofautiana kwa milimita kadhaa, rudi kidokezo cha 2. Na ukituma faili, lifungue upya wewe mwenyewe na upime urefu mmoja, uhakikishe halijabadilika kutoka milimita kuwa inchi njiani.

14. Modeli mbili: ya karakana na ya jengo

Jengo lenye viwiko mia likijazwa mishono, mianya na alama zote, kompyuta yako itaanza kuhema. Kwa mchoro wa jengo tengeneza toleo jepesi: duara linaloburutwa juu ya mstari wa kati ule ule wa mifupa yako, basi. Linaonekana kama kiwiko, linachukua nafasi ya kiwiko, na linakuonyesha kama bomba litagongana na boriti. Toleo la karakana libaki kwenye faili lake, lenye vipimo vyote. Kwa kuwa yote mawili yanasoma jedwali moja la vigezo, ukibadilisha kipenyo yanabadilika pamoja. Majina ya mafaili nayo yaseme yenyewe: D300-R450-A90-N5 ni jina ambalo hata mwenzako atakayeirithi kazi mwakani atalielewa bila kukupigia simu.

Sasa zamu yako

Usijaribu vyote kumi na vinne leo. Anza na vitatu: jedwali la namba tano, mifupa, na nusu kipande chenye mwanya. Ukishavipata, hifadhi faili hilo kama kiolezo, kisha libadilishe kipenyo kiwe 200, halafu 450, halafu badilisha kona iwe nyuzi 45 na vipande 3. Modeli ikifuata kila mara bila kuvunjika, umemaliza kazi ngumu. Viwiko vyote utakavyoombwa baada ya hapo ni suala la kubadilisha namba na kukunjua bati. Na siku fundi atakapokuambia vipande vimekutana bila kupigwa nyundo, mtumie faili la kiwiko kinachofuata papo hapo, maana utakuwa tayari unalo. Kazi njema!